Mwalimu wa kwaya, Vienna na ngazi za ghorofa ya 4

Mwalimu alisimama kwenye kituo cha pili cha ngazi, mkono ukutani, akatazama juu. "Huyu Beethoven," akasema, "piano alikuwa akiipandisha huku vipi?" Tukacheka. Binti yake akampita hatua tatu, akageuka: "Bado ghorofa mbili tu, Baba."

Nyumba hiyo inaitwa Pasqualatihaus. Imekaa juu ya mabaki ya ngome ya zamani ya Vienna, karibu na chuo kikuu, na Beethoven, yule mtunzi wa muziki, aliishi humo kwa vipindi kati ya 1804 na 1815. Vyumba vya makumbusho viko ghorofa ya 4, na lifti hakuna. Mwalimu alifika. Akaketi karibu na dirisha dakika 20 nzima, akajifuta jasho, na hakuuliza swali hata moja. Mtu aliyefundisha kwaya miaka 38, yuko ndani ya nyumba ya Beethoven, na hana swali. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Nilidhani amechoka tu.

Ilikuwa siku ya tatu ya safari ya siku 12, katikati ya Julai. Jioni ya siku hiyohiyo aliondoka kwenye tamasha kabla ya nusu ya pili, kizunguzungu kimemshika na miguu imevimba hadi viatu vinambana. Nyumbani kila mtu alisema ni uzee. Naandika kisa hiki kwa ruhusa ya familia, bila majina, kwa sababu baada ya kukichambua kwa siku kadhaa niliona kwamba uzee ulichangia kidogo sana. Makosa mengi yalikuwa yetu, na mengine yalikuwa yangu mimi.

Wenyewe ni hawa. Mwalimu ana miaka 74, Mtaita wa Wundanyi, amestaafu ualimu wa shule ya msingi lakini parokiani bado ndiye anayepiga uma wa sauti kwenye goti na kutoa noti ya kwanza. Ana presha, ana goti la kulia linalolalamika, na kila siku humeza vidonge viwili, kimoja kati yake ni cha kutoa maji mwilini. Mkewe ana miaka 70, na kwa afya ananishinda mimi. Milima wanaijua: kutoka kwao hadi kanisani ni kushuka na kupanda, na Mwalimu huitembea njia hiyo kila Jumapili. Neno hilo, "Baba ni mtu wa milima," ndilo lililotupofusha. Mlima una jiwe la kukalia kila unapotaka. Ngazi za nyumba ya Vienna hazina.

Binti yao anafanya kazi Umoja wa Mataifa. Shirika hilo lina makao makuu manne, New York, Geneva, Vienna na Nairobi, kwa hiyo Wakenya wanaohama kati ya hizo mbili za mwisho si wachache. Mimi ni rafiki wa familia, mkazi wa Vienna kwa miaka 11, mtu anayeitwa wageni wakija kwa sababu anajua treni ipi inakwenda wapi.

Kuja kwenyewe nitakupitisha haraka. Ubalozi wa Austria uko Nairobi, na viza ni ile ya Schengen: ombi haliwasilishwi mapema kuliko miezi 6 wala kwa kuchelewa chini ya siku 15 kabla ya safari, ada ni yuro 90, na bima ya afya lazima ifikie angalau yuro 30,000. Binti alikwenda ofisi ya polisi hapa Vienna kufanya tamko la kielektroniki la kuwajibika kwa wageni wake, akaonyesha mshahara na mkataba wa nyumba, akapewa namba ya kuwatumia wazazi. Wao wakashuka Voi kwa matatu, wakapanda SGR hadi Nairobi kwenda kutoa alama za vidole. Hapo Mama alikwama. Vidole vyake vimelimwa na jembe miaka 50, mistari imefutika, na mashine ikavikataa mara sita. Kijana wa kaunta akampa kitambaa chenye maji, akamwambia apanguse, abonyeze tena. Vikakubali vitatu, halafu vyote. Kama mzazi wako ni mkulima, mwambie ajipake mafuta mikononi kwa wiki nzima kabla ya siku hiyo, na apange muda wa kutosha.

Uwanja wa ndege kulikuwa na kiti cha magurudumu, huduma isiyolipiwa, mradi uiombe kupitia shirika la ndege saa 48 kabla. Mwalimu alikikataa. "Mimi si mgonjwa." Mama ndiye aliyemaliza ubishi: akakikalia yeye, mzima wa afya, akasema miguu yamuuma. Mwalimu akaona haya kumwacha mkewe asukumwe peke yake, akakubali cha pili. Nimeoa miaka 15 na sijawahi kuona ujanja safi namna ile.

Sasa kwenye kiini. Mwaka mmoja kabla, binti alipopiga simu kusema anataka kuwaleta, Mwalimu alitoa ombi moja tu: "Nataka kuisikia Ave Verum kule ilikotoka." Ni wimbo wa Mozart, sauti nne (soprano, alto, tena na besi), dakika 3 hivi. Kwaya za Kikatoliki za kwetu huuimba kwa Kilatini, Alhamisi Kuu na sikukuu ya Ekaristi, na wengi wameujifunza kwa nota za sol-fa, yaani do-re-mi, zilizonakiliwa kwa mkono. Binti aliposikia sentensi ile alisikia neno moja: Vienna. Mimi pia. Hatukumuuliza chochote zaidi.

Kutoka hapo ikazaliwa ratiba. Ilikuwa jedwali kwenye simu, rangi tatu, sehemu 14 kwa siku 3 za kwanza, kila sehemu na dakika zake. Ilipangwa Julai kwa sababu likizo ya binti ilikuwa Julai na mjukuu alikuwa amefunga shule. Niliandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba Julai ni mwezi mbaya kwa muziki Vienna. Nikajibiwa kwa kidole gumba. Sikuandika mara ya pili.

Ningepaswa kuandika mara ya tano. Opera ya Taifa, ile Staatsoper iliyofunguliwa 1869, hufunga milango Julai na Agosti. Orkestra ya Vienna Philharmonic, ambayo wanamuziki wake hutoka katika orkestra ya opera hiyohiyo, kiangazi huhamia Salzburg kwa tamasha la huko. Wale watoto wa Vienna Boys' Choir, ambao kwaya yao asili yake ni ya 1498, huimba misa ya Jumapili katika kanisa dogo la Hofburg, kasri la zamani la wafalme, kuanzia Septemba hadi Juni, kiangazi hawapo. Kumleta Vienna mzee mpenda kwaya katikati ya Julai ni sawa na kumpeleka mtu Lamu wiki moja baada ya Maulidi: majumba yapo, punda wapo, kilichomleta kimeshaondoka.

Wanaobaki ni wenye mawigi. Kila aliyepita uwanja wa kanisa kuu la Mtakatifu Stefano anawajua: vijana waliovaa koti jekundu la karne ya 18 na nywele nyeupe za bandia, folda mkononi, wanauza tiketi za matamasha ya wageni. Baadhi ya matamasha hayo si mabaya. Hilo tulilouziwa sisi sitalitaja. Tiketi nne zilikuwa na bei ya mbuzi wawili wanono Wundanyi, ukumbi ulikuwa ghorofa ya 3 kwa ngazi, madirisha yamefungwa, na joto la mchana wa nyuzi 33 lilikuwa bado limelala ndani. Viti vya plastiki, bega kwa bega.

Nilikuwa nimekaa kando ya Mwalimu. Walipoanza, kidole chake cha shahada kilikuwa gotini kikipiga mapigo, kama kinavyofanya mbele ya kwaya yake. Wakacheza vipande vya kila mtu anavyovijua, kila kimoja kimekatwa kabla hakijakolea. Halafu ikaja Ave Verum yenyewe. Ilipigwa na vinanda vinne vya nyuzi, hakuna mwimbaji hata mmoja. Kidole kikaenda mapigo manane, kumi, kikasimama. Akaniinamia sikioni: "Besi yangu iko wapi?" Kabla ya mapumziko kwisha alikuwa ameshika kuta za ukumbi, anatafuta mlango.

Binti aliona aibu, si kwa ajili yake, kwa ajili ya baba: mzee ametoka katikati ya muziki, watu wanatazama. Tukiwa kwenye teksi nilimwambia kisa cha mtunzi Haydn, nacho ni cha hapahapa. Tarehe 27 Machi 1808, siku 4 kabla ya kutimiza miaka 76, Haydn alibebwa kwa kiti hadi ukumbi wa chuo kikuu cha zamani kusikiliza utunzi wake mwenyewe, Uumbaji. Aliyeongoza ni Salieri. Mabibi wa kikabaila walimvika shali zao asipigwe na baridi, Beethoven akambusu mkono, na muziki ulipofika pale penye "ikawa nuru" ukumbi ukalipuka kwa makofi. Haydn hakubaki kwa sehemu iliyofuata. Walimbeba baada ya sehemu ya kwanza, wakamrudisha nyumbani. Hakuna aliyeandika kwamba alifedhehesha mtu.

Binti alinyamaza kidogo, akasema, "Lakini yeye walimbeba." Na hapo alikuwa amesema kweli kuliko mimi.

Usiku ule ndipo jibu lilipotoka, jikoni. Mama alisubiri binti yake aingie chumbani kumlaza mtoto. Akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, huyu hanywi maji. Na kile kidonge cha asubuhi hakimezi." Akatoa soksi ya Mwalimu. Ndani yake mlikuwa na vidonge vitatu, kimoja kwa kila siku aliyokuwa Vienna.

Sababu yake ilianza siku ya kwanza, ndani ya stesheni ya treni za chini ya ardhi. Mwalimu alibanwa. Vyoo vingi vya umma katikati ya jiji hili hulipiwa, aghalabu senti 50, na mlango hautaki noti, unataka sarafu. Yeye alikuwa na noti ya 20. Sisi tulikuwa mbele, mimi na ramani, binti na saa. Akajizuia hadi nyumbani, karibu saa moja na nusu. Hakumwambia mtu. Sasa fikiria: mzee wa kwetu, mwalimu, mbele ya bintiye, mkwewe na mjukuu, aseme anataka choo kila baada ya nusu saa? Angekufa kwanza. Mimi mwanaume angeweza kuniambia, lakini sikuwa kando yake. Kwa hiyo alitafuta ufumbuzi kimya kimya, kama mtu mwenye akili: ukitaka usiende choo, usinywe maji, na kidonge kinachotoa maji, kiache hadi urudi kwenu. Maji yakamkosa upande mmoja na kujaa miguuni upande wa pili, kwenye joto la nyuzi 33, juu ya ngazi za Beethoven.

Usingizi nao tulikuwa tumeupuuza. Kiangazi Vienna iko nyuma ya Kenya kwa saa 1 tu, basi tukajisifu kwamba mwili hautasumbuka. Tulisahau jua. Katikati ya Julai jua la huku huzama karibu na saa 3 usiku, na alfajiri ya saa 11 kumeshakucha. Mtu aliyeishi miaka 74 mahali ambapo saa 1 usiku ni giza, na giza ni kulala, alikuwa anakaa kitandani akitazama mwanga kwenye pazia jembamba. Alikuwa akipata usingizi wa saa 4 tu. Mama alikuwa ameligundua siku ya kwanza, akafunga leso mbili dirishani. Nasi tulidhani ni mapambo.

Tulipiga 1450, namba ya ushauri wa afya ya Austria, na muuguzi akasema aonwe na daktari asubuhi. Daktari wa mtaani alimpima presha, akamgusa vifundo vya miguu kwa kidole gumba, shimo likabaki. Akauliza maswali, binti akatafsiri, na palipofika swali la kidonge Mwalimu akatazama sakafuni. Nikamwomba binti atoke nje kidogo. Tukabaki wanaume watatu na Kiingereza cha kuungaunga, na mambo yote yakasemwa kwa dakika mbili. Maagizo yalikuwa mepesi: arudie kidonge, akimeze mapema asubuhi, akae nyumbani saa mbili au tatu hadi kimalize kazi yake, anywe maji, apumzike siku nzima miguu juu. Hiyo ni kwa Mwalimu. Wako muulize daktari wake kabla hajapanda ndege, na umuulize swali hilohilo la saa ya kumeza. Bili tulilipa wenyewe. Bima ya yuro 30,000 ilikuwa na kifungu kinachotoa nje maradhi ambayo msafiri alikuwa nayo kabla, na presha imo. Karatasi zile tulizisaini bila kuzisoma, kwa sababu tuliona ni za viza.

Siku ya nne, basi, Mwalimu alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya mito miwili. Nikakaa naye. Nikamwomba radhi kwa ajili ya tamasha lile na besi iliyopotea. Akatikisa kichwa. "Si kosa lenu. Lakini mimi niliwaambia kule ilikotoka." Akamwita Mama alete begi. Humo alikuwa na daftari la jalada gumu, na ndani ya daftari karatasi ya nota za sol-fa iliyokunjwa nne, wino wa buluu umekuwa wa zambarau. Juu kabisa, kwa mwandiko wake wa ujana, ilikuwa imeandikwa: W. A. Mozart, Baden, 1791. Aliinakili kutoka kitabu cha padre mmisionari, pamoja na kichwa chake. Alikuwa ameibeba kutoka Wundanyi, ameipitisha viwanja viwili vya ndege, na kwa siku nne hakuna aliyemuuliza ilikotoka ni wapi.

Baden ni mji mdogo wa maji ya moto ya kiberiti, kusini mwa Vienna. Mozart alimaliza Ave Verum huko tarehe 17 Juni 1791, akampa Anton Stoll, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya ya kanisa la mji ule. Nusu mwaka baadaye, tarehe 5 Desemba, Mozart alikuwa amekufa. Yaani wimbo huu haukuandikiwa mfalme wala opera. Uliandikiwa mwalimu wa shule ya mji mdogo mwenye kwaya ya parokia, na mwalimu mwingine wa shule mwenye kwaya ya parokia alikuwa amelala kwenye kochi mbele yangu, akitaraji tufahamu.

Usiku ule nilisoma zaidi, nikakutana na kitu kilichonifanya niamke nikanywe maji. Mwishoni mwa Mei mwaka huohuo Mozart alimwandikia Stoll barua. Mkewe Constanze alikuwa mjamzito, anakwenda Baden kwa ajili ya yale maji, na Mozart anamwomba mwalimu wa kwaya amtafutie nyumba ndogo, vyumba viwili au kimoja na kichumba cha pembeni. Halafu anaongeza kwamba la lazima kuliko yote ni nyumba iwe chini, isiwe ya kupanda ngazi.

Asubuhi nilimsomea Mwalimu, nikimtafsiria. Alicheka hadi akakohoa. "Yeye alimuuliza mwalimu wa kwaya," akasema. "Nyinyi mliuliza simu."

Tukaifuta ratiba. Siku zilizobaki zilikuwa na jambo moja kila moja, la asubuhi, kuanzia saa 4 baada ya kidonge kutulia. Kabla ya kwenda popote nilipiga simu au niliangalia kwenye tovuti yao mambo matatu: ngazi ngapi, kiti kiko wapi, choo kiko wapi. Ukianza na maswali hayo Vienna inageuka kuwa mji mwingine, na wa upole. Mozarthaus ya Domgasse 5, alikoishi Mozart 1784 hadi 1787 na kuandika opera yake ya Figaro, ina lifti. Mnara wa kusini wa kanisa la Mtakatifu Stefano una ngazi 343, lakini wa kaskazini, ulikotundikwa kengele kubwa ya Pummerin, una lifti. Maji ya bomba yanatoka chemchemi za milima ya Alps kwa mfereji uliofunguliwa 1873, matamu kuliko ya chupa. Na ile mikahawa ya kizamani, ambayo wageni huipiga picha na kuondoka, kazi yake hasa ni hii: unaagiza kikombe kimoja, unaletewa na glasi ya maji, unakaa saa mbili na hakuna anayekufukuza. Ila chungulia kwanza, vyoo vya mingi kati yake viko chini kwa ngazi nyembamba. Mimi nilikuwa natembea na sarafu za senti 50 mfukoni, kumi hivi, na natembea nyuma, kando ya Mwalimu. Ramani nikampa mjukuu.

Makaburi ya Zentralfriedhof tulikwenda kwa tramu namba 71. Wenyeji wa Vienna, mtu akifa, husema amepanda 71. Mwalimu alilipenda neno hilo, akaliandika daftarini. Kutoka lango la 2 si mbali hadi walipo Beethoven, Schubert, Brahms na Strauss. Mozart ana mnara tu hapo, alizikwa makaburi ya St. Marx. Akawasimamia mmoja mmoja, kofia mkononi, na kwa Schubert alibaki muda mrefu. Maswali yalikuwa yamerudi, mengi, na nusu yake sikuwa na majibu.

Usiku mmoja alijaribu uwanja wa jumba la jiji, Rathausplatz, ambako kila kiangazi huonyeshwa opera na matamasha kwenye skrini kubwa, bure, na viti vipo. Kasoro yake ni kwamba lazima kuwe giza kwanza, na giza la Julai unajua saa zake. Alidumu dakika 50, leso ya Mama magotini, akaondoka wakati anaotaka yeye. Binti ndiye aliyeinuka wa kwanza kumpa mkono.

Mtu akiniuliza leo, nitamwambia mlete mzee wako Mei, au mwisho wa Septemba. Opera imefunguliwa, Aprili hadi Juni na Septemba huweka skrini nje ukutani jioni nyingine, na viti vya bure. Usimdanganye na tiketi za kusimama, hata kama ni rahisi na hata kama ulizitumia wewe ukiwa mwanafunzi. Mnunulie kiti cha pembeni mwa safu. Kwa mwimbaji, kiti kisichoona jukwaa vizuri kina bei nafuu na masikio yaleyale.

Siku ya tisa tulikwenda Baden. Treni ya Badner Bahn huanzia kando ya opera, haina haraka, saa moja hivi, na tiketi ya jiji haitoshi, lazima uongeze ya nje ya mpaka. Tuliposhuka Josefsplatz Mama alivuta pumzi, akauliza nani anachemsha mayai yaliyoharibika. Ni kiberiti cha yale maji. Tukatembea polepole hadi kanisani, kanisa la Mtakatifu Stefano, jina sawa na lile kubwa la Vienna. Kipandacho mlangoni ni vidato vichache tu. Nilikuwa nimevihesabu kwenye picha usiku.

Ndani kulikuwa na baridi nzuri na mtu mmoja akipanga maua. Mwalimu aliketi benchi la tatu, akakunjua karatasi yake, akaiweka gotini. Akatoa uma, akaugonga, akausikiliza. Akampa Mama noti yake, kisha binti ya kwake. Binti hakuwa ameimba alto tangu kidato cha nne, akafungua mdomo kusema hivyo, akaangaliwa tu, akaufunga.

"Sauti ya tena hatuna," Mwalimu akasema, akanitazama.

Nikamwambia mimi siwezi kuimba hata kuokoa maisha.

"Basi wewe shika maji."

Waliimba kwa sauti ya chini sana, karibu mnong'ono, kama ilivyoandikwa. Mama alikuwa juu kidogo ya noti mwanzoni, akashuka. Binti alipotea pale katikati, Mwalimu akamwimbia sehemu yake mapigo mawili, akamrudisha njiani, akarudi kwenye besi. Mwenye maua aliacha kukata vikonyo. Mahali pa sauti ya tena palibaki wazi mpaka mwisho.

Treni ya kurudi ilikuwa ya saa 9. Mwalimu alikaa upande wa kivuli, karibu na mlango, daftari mapajani, akimweleza mjukuu kwa nini ule wimbo hauanzi kwa nguvu. Chupa aliyonikabidhi kanisani ilikuwa tupu. Mfukoni nilibakiwa na sarafu mbili.